Nusu Siku na Fikra za Ho Chi Minh: Tathmini ya Ziara ya Kuongozwa Mjini Hanoi

Ziara ninayoitathmini hapa huuzwa na kampuni ndogo ya kutembeza wageni mjini Hanoi, na hutangazwa kuwa ni matembezi ya nusu siku yanayoeleza fikra za kisiasa za Ho Chi Minh, kiongozi aliyeitangazia Vietnam uhuru, kwa kupita mahali alipoishi, alipofanyia kazi na alipolazwa baada ya kufa. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa malalamiko niliyo nayo nimekwisha kuyapeleka kwao wenyewe, na kwa kuwa matembezi ya aina hii hupita njia ileile, hivyo nitakayoyasema yatamfaa hata atakayejiandikisha kwingine. Nilikwenda nikiwa na sababu yangu. Nilifundisha somo la siasa, kisha somo la uraia lilipochukua nafasi yake, katika shule za sekondari mkoani Mtwara, na mwanangu yumo katika biashara ya korosho ghafi, ambazo nyingi hupelekwa Vietnam kubanguliwa. Alipokwenda kuonana na wanunuzi alinichukua, na tulipofika Hanoi siku moja niliitenga kwa ajili ya ziara hii.

Kwanza ieleweke kinachouzwa ni kitu gani. Nchini Vietnam, maneno "Fikra za Ho Chi Minh" hayana maana ya maoni ya marehemu tu, bali ni itikadi rasmi ya dola. Mkutano Mkuu wa Saba wa Chama cha Kikomunisti, uliofanyika mwaka 1991 wakati Umoja wa Kisovyeti ukiwa katika miezi yake ya mwisho, ndio ulioandika kwamba Umaksi na Ulenin pamoja na Fikra za Ho Chi Minh ni msingi wa itikadi ya chama na dira ya vitendo vyake, na Katiba ya mwaka 1992 ikalipokea jambo hilo. Mwanafunzi wa chuo kikuu, awe anasomea uhandisi au uhasibu, hana budi kulisoma somo hilo na kulifanyia mtihani. Kwa hiyo binti aliyetuongoza, ambaye hakuwa amefika miaka thelathini, hakuwa akisimulia hadithi za mji kama wafanyavyo waongoza watalii wengi. Alikuwa akieleza jambo alilofundishwa darasani, nami niliyewahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo nilimsikiliza kwa sikio la mwalimu.

Tulianza mapema asubuhi kwenye jumba la kaburi katika uwanja wa Ba Dinh. Hapo kampuni ilifanya kazi yake vizuri kabisa: tulikuwa tumearifiwa siku moja kabla kuhusu mavazi ya heshima, kwamba kaptura na mabega wazi havikubaliki, kwamba kofia huvuliwa, kwamba ndani hakuna kupiga picha, na kwamba jumba hufunguliwa asubuhi tu na katika baadhi ya siku za wiki halifunguliwi kabisa. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilisogea. Wengi waliokuwa mbele yetu walikuwa Wavietnam waliotoka mikoani, wazee waliovaa suti zilizonyooshwa vizuri na watoto wa shule waliopangwa wawiliwawili, na tulipoingia kwenye ubaridi wa ndani hakuna aliyesema neno. Walinzi waliovaa sare nyeupe hawakumruhusu mtu yeyote asimame. Unamzunguka marehemu kwa hatua za taratibu, unauona uso na mikono chini ya mwanga hafifu, na kabla hujamaliza kufikiri umeshatoka nje kwenye jua.

Nje, binti huyo alitueleza jambo ambalo nilikuwa nikijiuliza kama atalisema. Ho Chi Minh hakuomba kaburi lile. Katika wosia aliouandika na kuurekebisha kati ya mwaka 1965 na 1969, alitaka mwili wake uchomwe, kwa kuwa njia hiyo, kwa maoni yake, ni bora kwa afya ya walio hai na haimegi ardhi ya kilimo; majivu yagawanywe sehemu tatu kwa ajili ya kaskazini, kati na kusini mwa nchi, yafukiwe vilimani bila mnara wala sanamu, na kila atakayezuru apande mti. Alifariki tarehe 2 Septemba 1969, siku ileile ya maadhimisho ya uhuru, na kwa sababu hiyo chama kilitangaza kwamba alikufa tarehe 3. Sehemu ya wosia inayohusu kuchomwa mwili, pamoja na ile iliyopendekeza wakulima wa vyama vya ushirika wasamehewe kodi ya kilimo kwa mwaka mmoja baada ya ushindi, hazikuchapishwa hadi mwaka 1989. Jumba la kaburi lilikuwa limeshazinduliwa mwaka 1975. Aliyasema hayo yote bila kushusha sauti, hatua chache tu kutoka kwa walinzi, na pale pale nikaamua kwamba fedha yangu haijapotea.

Tulipokuwa tukivuka uwanja, alinieleza kwamba kama tungekuwa tunazungumza Kivietnam angeniita "bác", kwa sababu nina umri wa kumzidi baba yake. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimelisoma neno hilo katika jina "Bác Hồ", ambalo Waingereza hulitafsiri kuwa mjomba. Akasema tafsiri hiyo imepoteza kitu, maana ndugu wa baba ambaye ni mdogo kwake huitwa kwa neno jingine, na "bác" ni yule aliyemtangulia baba kuzaliwa. Kwetu hapo hakuna cha kueleza: huyo ni baba mkubwa. Mtu anayeitwa baba mkubwa wa taifa hana cheo cha baba mwenye nyumba, lakini anaposema, hata baba hunyamaza. Tangu hapo binti alilishika neno hilo na kuniita "baba mkubwa" hadi mwisho wa safari, na alilitamka vizuri kuliko watu wengi niliokutana nao huko. Neno la pili alilotufundisha ni lile ambalo Ho Chi Minh aliwaita watu waliokusanyika katika uwanja huo tarehe 2 Septemba 1945, "đồng bào", ambalo asili yake ni watu waliotoka tumbo moja. Alikuwa katikati ya kusoma Tangazo la Uhuru, akanyamaza, akawauliza ndugu zake hao wa tumbo moja kama wanamsikia vizuri. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika enzi ya kuitana "ndugu" ataelewa kwa nini swali dogo kama hilo limekumbukwa na watu wengi kuliko tangazo lenyewe.

Tangazo hilo lilianza kwa kunukuu Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776, kisha Tangazo la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa la mwaka 1791, ili Wafaransa washitakiwe kwa maneno yao wenyewe. Mwongozaji alitumia nukuu hizo kutufikisha kwenye kiini cha itikadi tuliyokwenda kuisikia, na hapa ndipo aliponionyesha kwamba alilielewa somo, hakulikariri. Katika makala aliyoandika mwaka 1960, Ho Chi Minh alieleza kwamba hapo mwanzo uzalendo, wala si ukomunisti, ndio uliomfanya amwamini Lenin. Mwaka 1919 alikuwa amepeleka madai ya Wavietnam kwenye mkutano wa amani wa Versailles, kwa jina la Nguyen Ai Quoc, na hakuna mkubwa aliyeyajali. Mwaka uliofuata alisoma maandiko ya Lenin kuhusu mataifa na makoloni katika gazeti la Kifaransa, na mnamo Desemba 1920, katika mkutano wa Tours, akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, kwa sababu upande huo ndio uliokuwa tayari kuyazungumzia makoloni. Mwaka 1924 aliwaandikia wakubwa wake wa Moscow kwamba mapambano ya matabaka katika Asia hayaendi kama yanavyokwenda Ulaya, na kwamba utaifa ni nguvu kubwa inayoisukuma nchi yake. Kwa msimamo huo alikosolewa sana. Chama alichokiasisi mjini Hong Kong mwaka 1930 kilibadilishwa jina mwaka huohuo, likaondolewa neno Vietnam na kuwekwa Indochina, na yeye mwenyewe alikaa Moscow kuanzia mwaka 1934 hadi 1938 akiwa hana kazi kubwa aliyopewa. Alirejea nchini mwaka 1941, akapiga kambi kwenye pango la Pac Bo karibu na mpaka wa China, na mwezi wa Mei ukaundwa umoja wa Viet Minh uliowaita watu wa matabaka yote, na kuliweka kando suala la kuwanyang'anya makabaila wote ardhi hadi nchi iwe huru.

Ukilijua hilo, utaielewa nyumba ya miti. Tuliingia katika bustani ya Ikulu, jengo la rangi ya manjano lililojengwa kwa ajili ya Gavana Mkuu wa Kifaransa, ambalo Ho Chi Minh alilitumia kupokea wageni lakini alikataa kulala ndani yake. Aliporejea Hanoi mwaka 1954 alichukua nyumba ndogo ya fundi umeme iliyo uani, na mwezi Mei 1958 akahamia katika nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, mfano wa nyumba za makabila ya milimani waliomhifadhi wakati wa vita. Juu kuna vyumba viwili tu. Kimoja kina kitanda na mkeka, kingine kina meza ya kuandikia na vitabu. Chini ya sakafu, mahali ambapo mkulima wa milimani angefunga mifugo, kuna meza ndefu ambayo viongozi wa chama walikutana kuizunguka, na pembeni kumewekwa simu kadhaa na kofia ya chuma ya vita. Mbele kuna bwawa la samaki, ambao husemekana aliwaita kwa kupiga makofi. Tulipewa dakika arobaini hapo, na zilitosha kabisa. Ziara nyingine nilizoziona zikipita ziliwaburura watu kama wanaowahi basi.

Ni kwenye kivuli cha nyumba hiyo ndipo binti alipotueleza maadili manne yaliyomo katika fikra hizo: bidii, uwekevu, mkono safi na unyoofu. Katika makala zake za mwaka 1949 Ho Chi Minh aliandika kwamba mbingu ina misimu minne, dunia ina pande nne, na mtu ana maadili manne, na kwamba likikosekana moja mtu hakamiliki. Maneno hayo ni ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, kabla ya kuwa ya Lenin. Baba yake alikuwa msomi wa elimu ya kale mkoani Nghe An, na mtoto hakuitupa elimu hiyo hata alipokuwa mkomunisti. Aliyachukua maneno ambayo zamani yalimtaka mtu awe mtiifu kwa mfalme, akayageuza yamtake kiongozi awe mtiifu kwa umma. Nilimweleza binti habari za Azimio la Arusha la mwaka 1967 na miiko ya viongozi, kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni, wala asipokee mishahara miwili. Aliniuliza miiko hiyo iko wapi leo. Nikamwambia kwamba iliondolewa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na sikuwa na la kuongeza.

Sehemu ya makumbusho ndiyo iliyonigusa zaidi na ndiyo iliyoharibiwa zaidi na kampuni. Makumbusho ya Ho Chi Minh yalifunguliwa tarehe 19 Mei 1990, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake, na yalijengwa kwa msaada wa Wasovyeti katika umbo linalokumbusha ua la yungiyungi. Ndani hayakupangwa kama makumbusho ya kawaida yanayoonyesha vitu kwa mfuatano wa tarehe. Mengi yamewekwa kwa ishara, na ishara huhitaji mtu wa kuzisoma: pango la Pac Bo limetengenezwa kama sehemu ya ndani ya ubongo wa binadamu, na mahali pengine gari la Kimarekani la miaka ya 1950 linatokeza ukutani kuashiria kushindwa kwa Marekani. Mgeni aliyeachwa peke yake hapo atapiga picha na kuondoka. Hapo ndipo visikilizio tulivyokodishiwa na kampuni vilipozimika, kwanza changu, kisha cha bibi mmoja kutoka Ufilipino, kisha vya watu wengine wawili, na kwa kuwa ukumbi ule hauruhusu mtu kupaza sauti, kwa karibu nusu saa tulikuwa tukimkaribia mwongozaji kwa zamu ili tusikie. Kampuni inayouza maelezo haina udhuru wa kutoa visikilizio visivyochajiwa.

Hata hivyo, kuna kabati moja la vioo ambalo halikuhitaji maelezo yoyote. Ndani yake kuna viatu vya Ho Chi Minh vilivyokatwa kwenye tairi la gari. Ni katambuga. Ni zilezile ambazo Mmasai huvaa akichunga na ambazo fundi hukaa chini ya mwembe akizikata kwa kisu: kanda mbili zimepishana mbele, nyingine zimezunguka kisigino, na unene wa soli umelika upande mmoja, kama soli inavyolika kwa mtu anayetembea sana. Inasimuliwa kwamba tairi lilitoka katika gari la jeshi la Ufaransa lililotekwa vitani mwaka 1947. Nilisimama hapo hadi kundi likaniacha. Nimewahi kuona picha zake akiwa nazo miguuni mbele ya wageni wa heshima, lakini picha haikuonyeshi jinsi mpira ulivyopasuka pembeni.

Jambo jingine ambalo mwongozaji alilieleza kwa ukaribu ni la maadui watatu, na kwa Mtanzania habari hii peke yake yatosha kulipia safari. Baada ya kutangaza uhuru mwaka 1945, Ho Chi Minh alizitaja vita tatu ambazo taifa lilikuwa nazo: dhidi ya njaa, dhidi ya ujinga na dhidi ya wavamizi wa kigeni. Mwalimu Nyerere naye aliwataja ujinga, maradhi na umaskini. Maadui wa Ho Chi Minh walikuwa na sura ya mwaka ule. Njaa ya mwanzoni mwa 1945, iliyotokea chini ya Wajapani na Wafaransa, iliua watu wa kaskazini ambao Vietnam huwahesabu kufikia milioni 2. Serikali yake ilipoanza kazi, aliwataka watu waache mlo mmoja kila siku kumi, milo mitatu kwa mwezi, na mchele wa milo hiyo uwekwe katika mitungi kwa ajili ya wenye njaa, naye mwenyewe akawa wa kwanza kufanya hivyo. Tarehe 8 Septemba, siku sita tu baada ya uhuru, zilitolewa amri za kuanzisha elimu ya umma, ili anayejua kusoma amfundishe asiyejua. Sisi tuliokuwapo wakati wa kisomo cha watu wazima, mama zetu wakienda darasani jioni na kibao na chaki baada ya kutoka shambani, hatuna haja ya kufafanuliwa. Mwezi Oktoba 1945 aliandika kwamba nchi ikiwa huru na watu wake wasipate furaha na uhuru wao, basi uhuru wa nchi hauna maana yoyote. Kwa maoni yangu sentensi hiyo inabeba fikra zake kuliko ile maarufu zaidi ya mwaka 1966, isemayo kwamba hakuna kitu chenye thamani kuliko uhuru, maana ya 1966 ilisemwa mabomu yakianguka, ilhali ya 1945 inaiweka serikali yake mwenyewe kwenye mizani.

Sasa nifike kwenye upungufu wa kweli, ambao si visikilizio. Tangazo la ziara lilisema kwamba tungemalizia katika nyumba nambari 48, mtaa wa Hang Ngang, mji mkongwe, ambamo Ho Chi Minh aliandika Tangazo la Uhuru. Muda uliisha, tukaambiwa tutawanyike nje ya makumbusho, na ofisi ya kampuni ilipopigiwa simu ilijibu kwamba kituo hicho ni cha nyongeza. Si cha nyongeza hata kidogo. Nyumba hiyo ilikuwa ya Trinh Van Bo na mkewe, wafanyabiashara wa hariri waliokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Hanoi, ambao wanakumbukwa kwa kuipa serikali changa dhahabu ya tael 5,147, kipimo cha dhahabu cha kule. Kiongozi wa wakomunisti aliandika hati ya kuzaliwa kwa dola yake ghorofani kwa bepari, na aliyekuwa mfalme, Bao Dai, baada ya kujiuzulu mwezi Agosti 1945 akafanywa Mshauri Mkuu wa serikali. Huo ndio umoja wa taifa alioukusudia, na hauwezi kuelezwa vizuri penginepo kuliko mbele ya mlango ule.

Tena ukisimama mbele ya mlango ule huna budi kuuliza yaliyofuata, na nadhani hilo ndilo linaloikosesha ziara uzito. Kati ya mwaka 1953 na 1956 serikali hiyohiyo iliendesha mageuzi ya ardhi. Wakulima waligawiwa mashamba, na hilo ni jambo kubwa kwa watu waliokuwa wakilima nusu kwa nusu na kabaila kwa vizazi. Lakini vijiji viliwekewa mahakama za hadhara, watu walishtakiana, na maelfu waliuawa, wakiwamo waliokuwa wameihudumia vita ya uhuru. Mmoja wa wa kwanza kuuawa, mwaka 1953, alikuwa Nguyen Thi Nam, mfanyabiashara mwanamke aliyekuwa ametoa mali yake kwa Viet Minh, kama wenye nyumba ya Hang Ngang walivyotoa yao. Mwezi Agosti 1956 Ho Chi Minh aliwaandikia wananchi akikiri kwamba makosa yalifanyika na kwamba yatasahihishwa. Katibu mkuu wa chama, Truong Chinh, akauacha wadhifa wake. Miaka hiyohiyo waandishi waliothubutu kudai nafasi ya kusema walinyamazishwa. Kijitabu cha kurasa nane tulichopewa na kampuni hakina hata mstari mmoja kuhusu haya, ingawa kina ukurasa mzima juu ya miti ya matunda ya bustani ya Ikulu.

Nilimwuliza binti, tukiwa wawili tu, tukinywa maji nje ya makumbusho. Hakukasirika. Alisema: "Baba mkubwa, bibi yangu husimulia habari hizo jikoni. Mimi sijazisoma vya kutosha kuweza kuwaeleza wageni." Ni jibu la heshima, na simlaumu yeye. Ninailaumu kampuni, kwa sababu mtu aliyeweza kutueleza mbele ya walinzi kwamba wosia wa kiongozi ulifichwa miaka ishirini angeweza pia kutueleza yale ambayo kiongozi huyo aliyakiri kwa maandishi yake mwenyewe. Fikra zinazosema kwamba chama kisichothubutu kukiri makosa yake kimeharibika, na hayo Ho Chi Minh aliyaandika mwaka 1947 alipokuwa akiwafunza makada wake namna ya kufanya kazi, hazilindwi kwa kuruka miaka mitatu.

Kuna swali moja la mgeni mwenzetu ambalo lilijibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliuliza ukomunisti uko wapi katika mji uliojaa maduka kila mlango. Binti alirejea msemo ambao Ho Chi Minh alimwachia Huynh Thuc Khang mwaka 1946, alipokwenda Ufaransa kwa mazungumzo na kumkabidhi serikali: kwamba lisilobadilika litumike kuyakabili mabadiliko elfu kumi. Lisilobadilika ni uhuru wa nchi. Njia za uchumi ni miongoni mwa yanayobadilika, na ndivyo chama kilivyoyahalalisha mageuzi ya uchumi wa soko yaitwayo Doi Moi ya mwaka 1986. Nilimwongezea kwamba matokeo yake yamefika hadi vijijini kwetu, maana kampuni ya simu ya Halotel ni ya Viettel, na Viettel ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, hivyo mwanakijiji wa Newala anayenunua kifurushi cha intaneti ananunua kwa jeshi lililomshinda Mfaransa na Mmarekani. Jibu la binti halikuniridhisha lote, kwa kuwa msemo ulio mpana kiasi hicho unaweza kuhalalisha karibu kila kitu, lakini ndilo jibu ambalo Wavietnam wenyewe hujipa, na mgeni anastahili kulisikia.

Kwa hesabu yangu ziara hii inastahili nyota tatu kati ya tano. Mwongozaji peke yake ningempa tano: anajua, anasikiliza, na anawaheshimu walio hai na waliokufa. Bei si kubwa, ingawa viingilio vya makumbusho na vya nyumba ya miti hulipwa pembeni, dong 40,000 kila kimoja nilipokwenda, sawa na takribani shilingi 4,000 za Tanzania, na jambo hilo lilipaswa kuandikwa kwenye tangazo. Nyota mbili nimeziondoa kwa sababu ya visikilizio, kituo kilichofutwa na ule ukimya. Niliomba nirudishiwe sehemu ya fedha kwa ajili ya Hang Ngang, nikajibiwa kwa barua ya adabu isiyokubali wala kukataa.

Atakayekwenda ajipange foleni mapema kabla jua halijawa kali, avae suruali ndefu au gauni linalofunika magoti, na ahakikishe kwamba siku aliyoichagua jumba la kaburi liko wazi, kwa sababu kila mwaka hufungwa kwa wiki kadhaa kwa matengenezo. Maswali magumu asiyaulize ndani ya kundi. Asubiri kwenye benchi la bwawa la samaki, ambako kuna muda. Kisha siku ya pili aende Hang Ngang mwenyewe, kwa miguu, kama nilivyokwenda mimi. Chini mtaa umejaa wachuuzi na pikipiki. Juu kuna chumba chenye meza na viti vya mbao, na siku ile hapakuwa na mgeni mwingine, hivyo nilikaa humo karibu saa nzima, nikalisoma Tangazo kutoka mwanzo hadi mwisho.